Mfadhaiko wa simbilisi

Mfadhaiko wa simbilisi (pia: *msongo wa simbilisi*) ni hali ya mwili na tabia inayompata simbilisi (*Cavia porcellus*) anapohisi hatari, au anapokosa mahitaji yake ya msingi kama vile chakula, maficho na wenzake. Hali hiyo ikiwa ya muda mfupi ni ya kawaida na humsaidia mnyama kujiokoa. Ikidumu humdhoofisha, humfanya aache kula na inaweza kumwua.

Kuitambua si rahisi, kwa sababu simbilisi ni mnyama anayewindwa na wanyama wengi, na kwa asili yake huficha udhaifu. Simbilisi aliyetulia kabisa mkononi mwa mtu mara nyingi husifiwa kuwa mpole, kumbe amejikausha kwa woga. Kwa hiyo mfadhaiko hautambuliwi kwa dalili moja tu, bali kwa kulinganisha hali ya mnyama ya leo na kawaida yake mwenyewe: jinsi anavyokula, anavyokunya, anavyotembea, anavyolia na anavyoishi na wenzake.

## Mnyama mwenyewe

Simbilisi ni mgugunaji wa familia Caviidae. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, ambako wenyeji walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita kwa ajili ya nyama na matambiko. Alifikishwa Ulaya katika karne ya 16. Leo hufugwa duniani kote kama mnyama wa nyumbani, wa maabara na wa kitoweo.

Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati simbilisi hufugwa hasa vijijini. Nchini Tanzania wanajulikana sana katika nyanda za juu za kusini, kwa mfano mkoani Iringa, ambako mara nyingi huachwa watembee jikoni na kulishwa majani na maganda. Katika Kivu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huitwa *dende*, na watunzaji wao wengi ni wanawake na watoto. Mijini wako wanaofugwa kama wanyama wa kuchezea watoto.

Mambo matatu ya asili yake yanaeleza kwa nini hufadhaika upesi:

* Ni windo. Ndege mbuai, nyoka na wanyama wala nyama humwinda. Macho yake yako pembeni mwa kichwa ili aone pande nyingi, na masikio yake husikia sauti nyembamba hadi kHz 50 hivi, ilhali sikio la binadamu huishia kHz 20.
* Ni mnyama wa kundi. Jamaa zake wa porini huishi katika vikundi vidogo, hupita katika njia zilizofunikwa na nyasi na hukimbilia vichakani. Hana silaha nyingine zaidi ya wenzake na maficho.
* Hula karibu muda wote. Utumbo wake umeumbwa kupokea nyasi kidogo kidogo mchana na usiku. Meno yake hukua maisha yote na husagwa kwa kutafuna. Akiacha kula, mfumo wote huanza kuharibika.

## Kinachotokea mwilini

Simbilisi anapotishika, mishipa ya fahamu huamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, nazo hutoa adrenalini. Moyo, ambao kwa kawaida hupiga mara 240 hadi 310 kwa dakika, huongeza kasi, pumzi huwa za haraka, na damu huelekezwa kwenye misuli. Mnyama yuko tayari kukimbia. Hayo hutokea kwa sekunde chache.

Baada ya dakika kadhaa hufuata hatua ya pili. Ubongo huiagiza tezi ya pituitari, nayo huziagiza tezi za adrenali kutoa homoni ya kotisoli. Simbilisi hufanana na binadamu hapa, kwa kuwa homoni kuu ya mfadhaiko mwilini mwake ni kotisoli. Kwa panya na vipanya ni kotikosteroni. Kotisoli hutoa sukari akibani na kupunguza kazi zinazoweza kungoja, kama vile mmeng'enyo wa chakula, ukuaji, uzazi na kinga dhidi ya magonjwa.

Hatari ikipita, mwili hurudi katika kawaida yake. Isipopita, kazi zile zilizoahirishwa hubaki zimeahirishwa. Mnyama hapati uzito, majike huweza kuharibu mimba, na vijidudu ambavyo mwili ulikuwa ukivizuia hupata nafasi. Utumbo ukipunguza mwendo, bakteria wake hubadilika, gesi hujaa, maumivu huongezeka na hamu ya kula hupungua zaidi. Mafuta ya mwili huanza kuyeyushwa kwa wingi na kulemea ini. Ndiyo maana mfadhaiko ulioanza kwa kelele au kuhamishwa unaweza kuishia katika kifo, ingawa hakukuwa na jeraha wala ugonjwa mwanzoni.

## Dalili

### Mkao na mwendo

Simbilisi mwenye starehe hujinyoosha ubavu, hutembea akinusanusa, hula mbele ya watu na hujisafisha manyoya. Wadogo, na hata wakubwa wakifurahi, hurukaruka juu ghafla kwa miguu yote minne huku wakijipindua hewani. Kuruka huko si kifafa wala woga. Ni dalili ya furaha.

Simbilisi mwenye mfadhaiko huonyesha mambo kama haya:

* hujikausha mahali pamoja, mwili mgumu, macho yametoka nje;
* hukimbia ovyo na kujigonga kwenye kuta za kizimba kila mtu anapokaribia;
* hushinda mafichoni saa nyingi na hatoki hata majani mapya yakiletwa;
* hujikunyata, mgongo umepinda na manyoya yamesimama, macho yamefumbwa nusu;
* huuma nyavu au fito za kizimba mfululizo, au huzunguka njia ileile bila sababu inayoonekana.

Dalili ya mwisho huitwa tabia ya kujirudiarudia. Huonekana hasa kwa wanyama waliowekwa katika nafasi ndogo wasiyoweza kufanya jambo lolote. Ikishazoeleka, huenda isiishe upesi hata kizimba kikipanuliwa.

### Kutulia na kujikausha

Kosa linalotokea mara nyingi zaidi ni kudhani kuwa mnyama asiyejitetea ameridhika. Simbilisi anaposhikwa na asipate pa kukimbilia, hubakiwa na njia moja tu ya kujiokoa, yaani kutojongea ili adui asimwone. Watoto wanaopokezana mnyama huyo mikononi humwona mtulivu, na kadiri anavyozidi kuogopa ndivyo wanavyozidi kumsifu.

Hali hizo mbili zinaweza kutofautishwa hivi:

| Kinachoangaliwa | Aliyetulia | Aliyejikausha |
|---|---|---|
| Misuli | Mwili laini, umelegea | Mwili mgumu, miguu imekunjwa tayari kuruka |
| Macho | Ya kawaida, hupepesa | Yametoka, weupe huweza kuonekana pembeni |
| Pumzi | Za taratibu | Fupi na za haraka |
| Chakula | Hupokea jani na kulitafuna | Hugeuza kichwa au huacha jani mdomoni bila kutafuna |
| Akiachiwa | Huenda taratibu, huweza kubaki | Hutoroka mbio hadi mafichoni |

Kipimo cha jani ni rahisi na hakihitaji chombo. Mnyama mwenye hofu kubwa hali. Asiyekula akiwa mkononi, ilhali hula vizuri kizimbani, anapaswa kurudishwa.

### Sauti

Simbilisi ana milio mingi kuliko wagugunaji wengi wanaofugwa, na milio hiyo husaidia kumwelewa ikisikilizwa pamoja na kutazama mkao wake.

* Mluzi mrefu unaopanda hutolewa anapotarajia chakula, kwa mfano akisikia majani yakichakarishwa. Huo si mfadhaiko. Mluzi huohuo ukirudiwa na mnyama aliyetengwa huwa ni kuwaita wenzake.
* Mngurumo wa chini pamoja na mwili uliolegea ni starehe. Ukiwa mfupi, wa juu, na mwili ukikakamaa, ni woga au kero, mara nyingi baada ya sauti ya ghafla kama funguo au simu.
* Mngurumo wa dume anayetembea kwa madaha akiyumbisha kiuno ni wa kutongoza. Kwa jike asiyemtaka na asiye na pa kukimbilia, huo ni usumbufu.
* Kugonganisha meno ni onyo kwa mwenzake au kwa mtu. Mkono uliokaribia urudishwe.
* Yowe kali ni maumivu au hofu kubwa.
* Ukimya nao una maana. Simbilisi aliyezoea kupiga mluzi kila jioni akiacha ghafla, achunguzwe.

### Kula, kunywa na kinyesi

Hizi ndizo dalili zenye uzito zaidi kwa uhai wa mnyama. Kinyesi cha kawaida ni punje ndefu za mviringo, zenye ukubwa unaolingana, kahawia hadi nyeusi. Punje zikiwa ndogo, kavu, chache, zenye umbo la tone au zilizoungana kama ushanga, mnyama hali vya kutosha. Kinyesi kikiwa majimaji, utumbo umevurugika.

Simbilisi pia hula sehemu ya kinyesi chake laini moja kwa moja kutoka mkunduni ili kupata vitamini na protini. Hiyo ni tabia ya kawaida, wala si dalili ya njaa au wazimu, na haipaswi kuzuiwa.

Mnyama ambaye hajala chochote kwa saa 12 hadi 24 yuko hatarini na anahitaji daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kusubiri aone njaa mwenyewe, kama inavyofanywa kwa mbwa, hakufai kwa simbilisi.

### Manyoya na ngozi

Mnyama mwenye mfadhaiko huweza kuacha kujisafisha, manyoya yakawa machafu na yenye kusimama. Wengine hutafuna manyoya yao au ya wenzao hadi yakaonekana kama yamekatwa kwa mkasi. Anayejitafuna mwenyewe huwa na nywele kamili kichwani na shingoni, kwa kuwa meno hayafiki huko. Anayetafunwa na mwenzake huweza kuwa na mabaka hata kichwani. Tofauti hiyo humwonyesha mfugaji pa kuanzia: ama mazingira ya mnyama mwenyewe, ama uonevu katika kundi au ukosefu wa nyasi.

Manyoya machache yanayotoka kwa wingi mnyama anaposhikwa na mtu mgeni au anaposafirishwa ni jambo la kupita.

### Mahusiano

Katika kundi lenye amani simbilisi hula pamoja na hulala karibu karibu. Ugomvi mdogo wa kupanga vyeo, kama kusukumana kwa pua na kupandana, ni wa kawaida. Yanayoonyesha mfadhaiko ni mmoja kufukuzwa kila anapofika kwenye chakula, majeraha mgongoni au masikioni, na mmoja kukonda ilhali wengine wananenepa. Anayeonewa mara nyingi ndiye wa mwisho kugunduliwa, kwa sababu hujificha.

## Visababishi

Upweke. Simbilisi aliye peke yake hukosa walinzi. Nchini Uswisi kanuni za ulinzi wa wanyama zilizoanza kutumika mwaka 2008 hudai simbilisi wafugwe angalau wawili. Sungura si mbadala wa mwenzake. Lugha zao hutofautiana, teke la sungura linaweza kumvunja mifupa, na sungura wengi hubeba bakteria *Bordetella bronchiseptica* bila kuugua, ilhali kwa simbilisi bakteria hao husababisha nimonia.

Msongamano na madume. Madume wawili wazima wakiwa na majike karibu hupigana. Kizimba chenye chombo kimoja cha chakula na pango lenye mlango mmoja humpa mbabe nafasi ya kuwafungia wengine.

Kushikwa vibaya. Mkono unaoshuka kutoka juu hufanana na kucha za mwewe. Simbilisi anayekamatwa kwa kufukuzwa kizimbani kila siku hujifunza kuwa mkono wa mtu ni adui. Kumning'iniza kwa mabega tu, bila kushikilia nyuma, humtia hofu na huweza kumwumiza uti wa mgongo.

Kelele, harufu na wanyama wengine. Redio yenye sauti kubwa, fataki, paka aliyeketi juu ya kizimba, mbwa anayenusa na panya wanaoingia usiku, wote humnyima usingizi. Siafu huweza kuua kundi zima lililofungiwa pasipo njia ya kutoroka.

Joto na moshi. Mwili wa simbilisi hauwezi kujipoza vizuri, kwa hiyo joto la zaidi ya nyuzi 27 au 28 za Selsiasi humlemea, hasa akiwa mnene, mjamzito au mwenye manyoya marefu. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako joto hupita nyuzi 30 katika miezi ya kiangazi, kivuli na upepo ni lazima. Dalili za joto ni kulala chali au kifudifudi akiwa amenyooka, kuhema, mate mengi na kulegea. Wale wanaofugwa jikoni hupata joto la nyanda za baridi, lakini moshi wa kuni huwasha macho na mapafu.

Mabadiliko ya ghafla. Kuhamishwa, kubadilishiwa chakula kwa siku moja, kufiwa na mwenzake, au kuchanganywa na wageni, kila moja ni mzigo. Mizigo mingi ikija pamoja, kama inavyokuwa siku ya kununuliwa sokoni, mnyama huweza kuacha kula.

## Magonjwa yanayofanana na mfadhaiko

Dalili nyingi zilizotajwa hapo juu hutokea pia katika ugonjwa, na mara nyingi mambo hayo mawili huenda pamoja. Kabla ya kusema kuwa mnyama amefadhaika tu, haya yafikiriwe:

* Kiseyeye. Kama binadamu, simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C. Akikosa majani mabichi, ndani ya wiki chache viungo huvimba, huchechemea, hulia akiguswa na hukataa kutembea. Mfugaji huweza kudhani kuwa amekuwa mwoga. Mahitaji yake ni takriban mg 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na zaidi akiwa mjamzito. Pilipili hoho, kipande cha pera na majani mabichi husaidia.
* Meno marefu. Mnyama huenda kwenye chakula, hukinusa au hukitia mdomoni, kisha hukiacha. Mate hulowesha kidevu.
* Upele wa utitiri. Utitiri *Trixacarus caviae* huleta mwasho mkali, nywele hutoka, na mnyama huweza kupata mitukutiko akijikuna. Mfadhaiko hurahisisha kuenea kwake.
* Nimonia. Kupumua kwa shida, uchafu puani na machoni, kujikunyata.
* Mawe ya kibofu. Kulia wakati wa kukojoa, damu katika mkojo.
* Sumu ya mimba. Jike mnene aliye karibu kuzaa akiacha kula na kulegea, huweza kufa kwa siku chache.

Dawa za binadamu zisitumike kwa kubahatisha. Penisilini na antibiotiki kadhaa za jamii yake huua bakteria wema wa utumbo wa simbilisi na huweza kumwua mnyama mwenyewe.

## Uchunguzi

Kwa kuwa kila simbilisi ana tabia zake, mfugaji anahitaji kujua kawaida ya kila mmoja wakati ana afya. Uchunguzi wa dakika chache kila siku, wakati wa kulisha, hutosha: ni nani aliyekuja mara moja, nani aliyechelewa, nani hakuja, kinyesi kikoje, maji yamepungua kiasi gani.

Mara moja kwa wiki mnyama apimwe kwa mizani ya jikoni na uzito uandikwe. Simbilisi mzima huwa na gramu 700 hadi 1200. Kupungua kwa gramu chache ni kawaida. Kupungua kwa sehemu moja ya kumi ya uzito, kwa mfano kutoka gramu 900 hadi 810, ni sababu ya kumwona daktari hata kama mnyama anaonekana mzima. Mizani mara nyingi huonyesha tatizo mapema kuliko jicho, kwa kuwa manyoya huficha kukonda.

Mtazamaji akae mbali kidogo na asubiri. Simbilisi wakijua wanaangaliwa na mtu wasiyemzoea, hujikausha wote, na dalili za mgonjwa hufichika katikati ya wenzake.

## Kinga na msaada

Hatua ya kwanza ni kuondoa kisababishi, wala si kumbembeleza mnyama. Kumchukua na kumpapasa simbilisi aliyetishika huongeza hofu yake.

* Maficho. Kila mnyama awe na lake, na kila pango liwe na milango miwili. Boksi la karatasi ngumu lililotobolewa pande mbili, mtungi uliovunjika wenye kingo laini, au kifungu cha nyasi hufaa.
* Nafasi. Eneo la sakafu ni muhimu kuliko urefu kwenda juu, kwa sababu simbilisi hakwei. Kwa wawili inafaa angalau nusu mita mraba, na zaidi ni bora. Sakafu ya waya huleta vidonda vya nyayo. Ifunikwe kwa nyasi kavu au maranda safi yasiyo na vumbi.
* Chakula. Nyasi ziwepo saa zote. Chakula kipya kiongezwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Vyombo viwekwe mahali zaidi ya pamoja.
* Kushika. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mnyama akiegemea kifua cha mtu. Watoto wakae chini sakafuni ili akiponyoka asianguke. Ni heri kumzoesha aingie mwenyewe katika kikapu kuliko kumkamata.
* Kuzoesha. Siku 2 au 3 za mwanzo mgeni aachwe na wenzake na chakula. Kisha mkono wenye jani uwekwe bila kusogezwa, hadi aje mwenyewe. Kazi hii huchukua siku au wiki, na haiharakishwi.
* Safari. Asafirishwe na mwenzake, katika chombo chenye hewa, giza kiasi na nyasi, wakati wa asubuhi au jioni.
* Joto kali. Ahamishiwe kivulini, apewe maji, masikio na miguu vipanguswe kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi ya kawaida. Asitumbukizwe katika maji ya barafu.

Kwa wafugaji wa kitoweo hatua hizi zina faida pia katika hesabu: majike wasiosumbuliwa huharibu mimba chache, na watoto hukua upesi.

## Tofauti na wagugunaji wengine

Dalili za simbilisi hazihamishiki zote kwa wagugunaji wengine wadogo.

*Panya wa kufugwa* wakifadhaika au wakiugua huweza kutoa majimaji mekundu machoni na puani. Si damu, bali ni rangi itokayo katika tezi iliyo nyuma ya jicho. Hutoa pia milio ya hofu ya takriban kHz 22, ambayo sikio la binadamu halisikii.

*Vipanya* huogopa kukamatwa kwa mkia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool nchini Uingereza walionyesha mwaka 2010 kwamba vipanya vinavyobebwa ndani ya bomba au katika viganja viwili vilivyokunjwa huwa na woga mdogo zaidi.

*Hamsta wa Syria* ni kinyume cha simbilisi katika jambo la wenzake. Akiwa mzima huishi peke yake, na kumwekea mwenzake ndiko kunakomfadhaisha.

*Jerbili* wanaokwaruza pembe za kizimba bila kikomo mara nyingi hukosa shimo la kuingia. Wakipewa handaki tayari, kukwaruza huko hupungua.

*Panya buku* wanaofundishwa na shirika la APOPO mjini Morogoro, Tanzania, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, huzoeshwa watu, sauti na mazingira mbalimbali tangu wakiwa wadogo, ili wafanye kazi bila woga.

## Historia ya utafiti

Neno mfadhaiko kwa maana ya kitabibu lilienea kutokana na kazi za Hans Selye, ambaye mwaka 1936 akiwa Montreal, Kanada, alieleza jinsi miili ya panya inavyoitikia madhara ya aina mbalimbali kwa namna moja. Kabla yake, Walter Cannon wa Marekani alikuwa ameeleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia.

Simbilisi mwenyewe aliingia katika historia ya tiba mwaka 1907, Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwei walipogundua kuwa hupata kiseyeye kwa kukosa chakula kibichi. Ugunduzi huo ulifungua njia ya kupatikana kwa vitamini C.

Kuhusu mfadhaiko, Norbert Sachser na wenzake nchini Ujerumani walionyesha kwamba dume anapowekwa peke yake katika kizimba kigeni kotisoli yake hupanda sana, lakini akiwa na jike aliyemzoea hupanda kidogo tu. Jike mgeni hakuwa na msaada huo. Walionyesha pia kwamba madume waliokulia katika makundi hujifunza kuishi na wenzao bila vita, ilhali waliokua bila madume wakubwa hawakujua kufanya hivyo.

Nchini Marekani, Michael Hennessy alichunguza watoto wa simbilisi waliotenganishwa na mama zao katika mahali pageni. Mwanzoni hupiga miluzi mingi. Baada ya saa moja au zaidi hunyamaza, hujikunyata, hufumba macho na manyoya husimama, kama mnyama mgonjwa. Utafiti huo unathibitisha jambo ambalo mfugaji hulihitaji kila siku: simbilisi aliyenyamaza baada ya kulia sana huenda hajatulizwa bado, bali mfadhaiko wake umeingia hatua nyingine.

## Tazama pia

* Simbilisi
* Wagugunaji
* Kotisoli
* Kiseyeye
* Panya buku
* Ustawi wa wanyama